Umenunua nyumba lakini hujahamia? Angalia ushuru wako

Tuseme kuna mwalimu hapa Mumias (wa mfano tu, usimtafute). Alichukua mkopo wa benki, akanunua nyumba ya vyumba vitatu upande wa Shibale, kisha akapeleka karatasi za mkopo kwa mwajiri ili PAYE yake ipunguzwe. Ikapunguzwa kweli. Lakini kabla hajahamisha hata godoro, barua ya uhamisho ikafika: anaenda kufundisha Kitui. Walimu wengi wanaijua hii hadithi tangu 2018, TSC ilipoanza kuwahamisha watu nje ya kaunti zao.

Nyumba bado ni yake na mkopo bado anaulipa. Je, ile nafuu ya ushuru?

Imeenda. Hapa ndipo watu wengi huteleza, kwa sababu tunadhani nafuu ni ya kumiliki nyumba. Sheria ya Ushuru wa Mapato haisemi hivyo. Inataka nyumba ambayo wewe mwenyewe unaishi ndani yake katika mwaka huo. Hati miliki peke yake haitoshi, na kutundika mapazia pia si kuhamia.

Nafuu yenyewe inafanya kazi hivi. Ukikopa kutoka taasisi inayotambulika na sheria, kwa mfano benki, ili ununue au uboreshe nyumba unayoishi, riba unayolipa inatolewa kwenye mapato yako kabla ya ushuru kupigwa. Tunasema riba tu, si mkopo mzima. Kiwango cha juu kilikuwa shilingi 300,000 kwa mwaka hadi mwisho wa Desemba 2024, kikapandishwa hadi 360,000, yaani 30,000 kwa mwezi. Ni nyumba moja tu kwa mtu mmoja. Pesa ya chama au ya shemeji haihesabiki, hata kama shemeji anatoza riba kuliko benki.

Turudi kwa mwalimu wetu. Riba yake ni 18,000 kwa mwezi, na mshahara wake umepita 32,333, kwa hivyo sehemu ya juu ya mapato yake inakatwa asilimia 30. Nafuu inamwokolea 5,400 kila mwezi, au 64,800 kwa mwaka. Si pesa kidogo, hiyo ni karo ya mtoto. Angehamia mwezi wa Julai na kukaa hadi Desemba, angedai riba ya miezi sita pekee, kwa sababu ukiishi sehemu ya mwaka, nafuu nayo inapunguzwa kwa kiasi hicho hicho.

Lakini hakuhamia kabisa, na PAYE iliendelea kukatwa kidogo mwaka mzima kwa sababu hakumwambia mtu wa mishahara. Sasa 64,800 ni deni lake, si la mwajiri. Salio la ushuru linafaa kulipwa kufikia 30 Aprili, ingawa ritani yenyewe ina hadi 30 Juni. Akichelewa, kuna faini ya asilimia 5, ambayo ni 3,240, na riba ya asilimia 1 kila mwezi, yaani 648 nyingine.

"Basi nitaweka mpangaji." Sawa, lakini kodi ya nyumba ni mapato pia. Ikiwa kodi yote unayopokea kwa mwaka ni kati ya 288,000 na milioni 15, unalipa asilimia 7.5 ya kodi yote, bila kutoa gharama, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mpangaji wa mwalimu analipa 15,000, ambayo ni 180,000 kwa mwaka, kwa hivyo hajafika hapo. Yeye anaiandika kwenye ritani ya mwaka, na riba ya mkopo anaweza kuitoa kama gharama dhidi ya kodi hiyo. Lakini gharama ikizidi kodi, ile hasara haiendi kupunguza ushuru wa mshahara.

Na kumbuka simu yako ina kumbukumbu nzuri kukuliko. Kama unaishi Shibale, tokeni za stima na bili ya maji unazolipa kwa simu zinaonyesha hivyo. Kama ni mpangaji anayeishi hapo, ile 15,000 inayoingia kila tarehe 5 inaonyesha hivyo pia. Pakua taarifa yako ya miamala na uiweke pamoja na cheti cha riba cha benki. Sheria inataka rekodi zihifadhiwe miaka mitano.

Ukihama, au mipango ya kuhamia ikikwama, mwandikie mwajiri mwezi huo huo asimamishe nafuu. Kama tayari una deni, ingia iTax, tengeneza hati ya malipo, kisha lipa kwa Paybill 222222. Kwenye akaunti weka ile nambari ya PRN iliyo kwenye hati, si nambari yako ya kitambulisho, na usifute ujumbe wa kuthibitisha malipo.