Nadharia za Kisosholojia kuhusu Chanzo cha Uhalifu na Ukengeufu: Mifano kutoka Iringa na Mbeya

Tarehe 25 Desemba 1971, huko Isimani mkoani Iringa, mkulima Saidi Mwamwindi alimpiga risasi na kumuua Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Kleruu. Kisha aliupakia mwili garini na kuupeleka mwenyewe polisi mjini Iringa. Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kuua kwa kukusudia, akahukumiwa kunyongwa. Kisheria shauri lilikwisha. Kisosholojia ndipo linapoanzia, kwani mtu anayejisalimisha pamoja na maiti ya aliyemuua hafanani na mhalifu anayeelezwa na nadharia nyingi.

Merton (1938) anadai kwamba uhalifu huzuka pale jamii inapowahimiza watu wote kufikia mafanikio fulani, huku njia halali za kuyafikia zikiwa wazi kwa wachache. Hoja hii haimgusi Mwamwindi. Wakulima wakubwa wa mahindi wa Isimani walikwisha kufanikiwa, tena kwa njia halali. Kilichobadilika ni kanuni yenyewe. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa sera ya vijiji vya ujamaa, juhudi iliyokuwa ikisifiwa iliitwa unyonyaji. Hapa Durkheim anasaidia zaidi: kanuni za zamani zinapovunjwa kabla mpya hazijakubalika mioyoni, mtu hukosa kipimo cha haki na batili. Becker (1963) naye angeongeza kwamba ukengeufu haumo katika tendo, bali katika jina ambalo wenye mamlaka humbandika mtendaji. Hata hivyo, wakulima wengi wa Isimani walibandikwa jina hilohilo, na mmoja tu ndiye aliyefyatua risasi. Nadharia ya Becker haina jibu kwa hilo, na kwa maoni yangu haipaswi kulazimishwa iwe nalo.

Mbeya inatoa mfano wa namna nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziliripotiwa habari za watu kuuawa na kuchunwa ngozi, ngozi ambazo zilidaiwa kuuzwa nje ya mipaka kwa ajili ya ushirikina. Mkoa ulikuwa na reli ya TAZARA, barabara kuu ya Zambia na mpaka wa Tunduma (ambao sasa uko mkoani Songwe). Utajiri wa biashara ulipita mbele ya macho ya vijana wasio na mtaji. Merton anafaa kabisa hapa, lakini kwa nusu tu. Anaeleza tamaa, haelezi kwa nini tamaa hiyo ichukue sura ya ngozi ya binadamu. Kwa nusu ya pili tunamhitaji Sutherland, aliyesisitiza kuwa uhalifu hufunzwa katika mahusiano ya karibu: mbinu zake, na pia sababu za kuuhalalisha. Imani kwamba kiungo cha mtu huleta mali haizaliwi na umaskini. Lazima awepo anayeifundisha na anayeitoza bei.

Suala la uchawi linatupeleka kwa Black (1983), anayeona kwamba matendo mengi yaitwayo uhalifu ni njia ya watu kujitafutia haki wenyewe. Sheria ya Uchawi, iliyorithiwa kutoka kwa ukoloni, inafanya uchawi kuwa kosa na kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa vilevile. Mwanakijiji anayeamini kuwa mwanawe amerogwa hana ushahidi ambao mahakama ingeupokea, na akisema hadharani huenda akashtakiwa yeye. Akiona mlango huo umefungwa, hukimbilia majirani. Wanaompiga mtuhumiwa hadi kufa hawajioni kama wahalifu. Hujiona wanatekeleza hukumu. Kwa mtazamo huu Mwamwindi na kundi la wauaji wa kijijini wanakaribiana kuliko inavyodhaniwa.

Mtafiti wa jambo hili hukabiliwa na ugumu mmoja wa lugha. Magazeti husema marehemu aliuawa na “wananchi wenye hasira kali”. Maneno hayo humbandika aliyekufa jina la mhalifu kabla hajahukumiwa, na humwondolea muuaji jina lolote. Anayetegemea maelezo ya aina hiyo kuhesabu uhalifu wa Mbeya au Iringa anahesabu pia uamuzi wa aliyeyaandika.