NDEGE WA PEMBA NA KIJIKARATASI CHA MGUUNI

Katika nyumba za makumbusho za London, Berlin na miji mingine wamo ndege waliokufa zamani, wamelazwa katika watoto wa makabati, wamejazwa pamba, na kila mmoja amefungwa kijikaratasi mguuni. Mtu akiwaona huenda akauliza: Ndege mfu ana faida gani, na hali walio hai wako tele mitini?

Faida yake ni hii. Mtaalamu anapompa jina ndege ambaye hajaandikwa bado katika vitabu vya elimu, humchagua mmoja awe kielelezo cha jina hilo. Kielelezo ni kama pishi ya serikali ya zamani: wafanya biashara walipobishana juu ya kipimo, waliirudia hiyo. Hata miaka mia ikipita, shaka ikitokea, wataalamu hurudi kupima bawa la kielelezo, umbo la mdomo na rangi ya manyoya. Nacho kijikaratasi hueleza mahali alipopatikana na siku yenyewe.

Bila ya habari hizo kazi huharibika. Mwaka 1835 Charles Darwin alikusanya ndege wadogo katika visiwa vya Galápagos, Bahari ya Pasifiki, lakini wengi wao hakuandika ni wa kisiwa gani. Mwaka 1837, huko London, John Gould aliwachunguza akaona kuwa ndege ambao Darwin aliwadhania kuwa wa jamii mbalimbali walikuwa ndugu wa jamii moja, ila midomo yao ilihitilafiana. Ikambidi Darwin atafute ndege waliokusanywa na wenzake wa merikebuni, ili ajue kila aina imetoka wapi.

Mfano wa karibu ni Pemba. Zamani za barafu, maji ya bahari yaliposhuka, Unguja iliungana na bara, maana mkondo wake hauna kina kirefu. Lakini mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, na kisiwa kikabaki peke yake. Kwa hiyo Pemba ina aina nne za ndege wasiopatikana penginepo: ninga, bundi mdogo, na wawili wadogo waimbao. Mmoja ni chozi, aliyepewa jina na Anton Reichenow wa Berlin mwaka 1905. Wa pili ni ndege wa manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. David Bannerman wa London alimpa jina mwaka 1924, kwa heshima ya J. H. Vaughan aliyefanya kazi Zanzibar.

Huyu wa pili baadhi ya wataalamu wamepata kumhesabu kuwa tawi tu la aina ya bara. Ubishi huo si mchezo wa majina. Akiwa ni tawi, akitoweka Pemba ndugu zake wa bara wamebaki. Akiwa ni aina ya peke yake, akitoweka Pemba ametoweka duniani, wala hakuna mahali pa kumtafuta. Siku hizi hata kipande kidogo cha ngozi ya kidole cha ndege wa makumbusho chaweza kupimwa ili kujua urithi wake.

Basi ndege yule mfu ni shahidi. Hana sauti tena, lakini kijikaratasi chake kikiwa kimeandikwa sawasawa, ushahidi wake wadumu.