Kutenganisha giaboksi na injini ya Datsun 240Z

Gari aina ya Datsun 240Z lilishinda mashindano ya Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda.

Wanaolitunza huko Etobicoke, magharibi mwa Toronto nchini Kanada, wana adui mwingine: chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Huzigandisha bolti katika ganda la giaboksi, ambalo ni la alumini. Yafaa zipakwe mafuta siku moja kabla.

Betri hukatwa kwanza. Gari likiwa juu ya stendi imara, wala si jeki peke yake, oili ya gia humwagwa, kisha huondolewa propela shafti, stata na silinda ndogo ya klachi.

Bolti zikitoka, giaboksi huonekana huru. Kumbe shafti yake ingali imepenya katikati ya sahani ya klachi. Ikiachwa ining'inie, uzito wote huilemea sahani hiyo, nayo hupinda.

Kwa hiyo jeki ya pili hukaa chini ya giaboksi tangu mwanzo. Injini nayo hutegemezwa, kwani egemeo lake la nyuma ni giaboksi yenyewe. Ndipo ivutwe nyuma, moja kwa moja, hadi shafti itoke yote, kisha ishushwe.

Ikikataa, mtarimbo usiguswe, maana alumini hupasuka. Itafutwe bolti iliyosahaulika. Mara nyingi ni ya juu, isiyoonekana.