Kabla ya Kulaumu Mtandao, Tazama Kifaa Kimewekwa Wapi

Neno moja likibebeshwa maana nyingi kupita kiasi, wasemaji wake huanza kulaumiana bila kuelewana. Chukua neno "mtandao". Siku hizi tunalitumia kwa kampuni inayotuuzia huduma, kwa waya unaoingia nyumbani, na vile vile kwa mawimbi yatokayo katika kile kifaa kidogo chenye taa za kumetameta kilichoko sebuleni. Kwa hivyo, mawimbi yasipofika chumbani, sote husema kwa kauli moja kwamba mtandao umepotea, na lawama tukaielekezea kampuni. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuwafundisha vijana kupambanua maana, nilinaswa na mtego huo huo.

Shule zilipofungwa mwezi wa Machi mwaka wa 2020 kwa sababu ya Korona, mpwa wangu aliyekuwa kidato cha nne alikuja kukaa nasi hapa Nairobi. Tulimpa chumba cha nyuma, kinachopakana na jiko. Walimu wake walikuwa wakiwafundisha kwa njia ya rununu. Kila jioni nilimkuta ameketi sakafuni ushorobani, daftari magotini. Siku moja nikamkemea: chumba anacho, meza anayo, mbona anapenda kukaa njiani?

"Mjomba, kule chumbani mtandao haufiki," alinijibu. "Sikutaka kukusumbua."

Alikuwa ameyavumilia hayo kwa majuma saba. Katika muda huo mimi nilikuwa nimeongeza malipo ya kila mwezi mara mbili ili nipewe kasi kubwa zaidi, na kasi hiyo ilifika barabara hadi sebuleni, nilikoketi mimi. Kwake yeye haikubadilika kitu.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza ni nani aliyekichagulia kifaa kile mahali pake. Jibu lilinifedhehesha. Fundi alikiweka karibu na mlango wa mbele kwa kuwa waya kutoka kwenye mlingoti uliingilia hapo na yeye alikuwa na haraka. Baadaye mimi mwenyewe nikakisukuma ndani ya kabati, nyuma ya runinga, kwa kuwa nyaya zake zilinichukiza. Yaani mahali penyewe palichaguliwa na haraka ya fundi pamoja na macho ya mwenye nyumba. Mtumiaji hakuulizwa.

Ikumbukwe kwamba mawimbi haya ya waifai ni ya jamii moja na mawimbi ya redio. Hutoka kwenye kifaa yakasambaa pande zote, na kadiri yanavyokwenda mbali ndivyo yanavyodhoofika. Mbao huyapunguza kidogo tu. Mawe, matofali na saruji huyapunguza sana. Chuma huyarudisha yalikotoka, na maji huyafyonza. Jokofu, kioo kikubwa cha kujitazamia, mlango wa chuma, tangi la maji: vyote hivi ni vizuizi. Runinga nayo ina mabamba ya chuma ndani yake, hivyo kukificha kifaa nyuma yake ni sawa na kumwita mtu huku umejiziba mdomo kwa kiganja. Wenzetu wa Mji wa Kale wa Mombasa na wa Lamu, ambao kuta za nyumba zao za matumbawe zaweza kuwa na unene wa karibu nusu mita, wanayajua haya vyema zaidi. Ukuta mmoja tu wa aina hiyo waweza kuyadhoofisha mawimbi yasifae kitu.

Vifaa vingi vya leo hutoa mawimbi ya namna mbili. Yale ya gigahezi 2.4 huenda mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini kasi yake ni ndogo, na tanuri la mikrowevu likiwashwa karibu huyatatiza kwa kuwa nalo hutumia masafa yayo hayo. Yale ya gigahezi 5 yana kasi kubwa ila huchoka upesi yakikutana na ukuta. Kwa hivyo aliye chumba kimoja na kifaa achague ya 5, na aliye mbali achague ya 2.4.

Nilipoyajua hayo nilinunua waya mrefu, nikakihamisha kifaa hadi katikati ya nyumba, juu ya rafu ndogo ushorobani, kimo cha kichwa cha mtu mzima, bila kitu chochote mbele yake. Antena zake nikazisimamisha wima, kwa maana antena iliyosimama husambaza mawimbi yake zaidi upande upande kuliko juu na chini. Mpwa wangu akazunguka na rununu yake chumba hadi chumba akipima, nami nikisogeza hatua moja huku na moja kule. Jioni ile alisomea mezani pake. Mwezi uliofuata nikarudi kwenye malipo yangu ya awali.

Sitaki msomaji adhani kwamba kuhamisha kifaa hutibu kila ugonjwa. Nyumba ikiwa kubwa, au kuta zake zikiwa nene mno, huenda ukahitaji kifaa cha pili cha kuyapokea mawimbi na kuyasukuma mbele. Hata hicho wengi wetu hukiweka pasipofaa, ndani ya chumba kile kile kisichofikiwa. Kitasukuma nini ikiwa chenyewe hakipokei kitu? Mahali pake ni katikati ya safari, ambapo mawimbi yangali na nguvu. Bora zaidi ni kukiunganisha kwa waya. Na ikiwa huduma yako huja kwa waya wa nuru, usiuvute wala kuukunja mwenyewe, kwani ndani yake mna uzi mwembamba wa kioo. Mwite fundi, umwambie unakotaka kifaa kikae kabla hajafungua mkoba wake.

Mwaka wa 2009 waya wa baharini uitwao TEAMS ulifikishwa Mombasa kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, mwendo wa kilomita zipatazo 5,000 chini ya bahari. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini ni kichekesho kwamba habari inayovuka masafa hayo yote hushindwa na mita kumi za mwisho, baina ya kabati la baba na meza ya mtoto.

Hoja yangu ni kwamba mahali pa kifaa hiki ni suala la haki kabla ya kuwa suala la ufundi. Aliye karibu nacho aghalabu ndiye mwenye sauti nyumbani. Aliye mbali ni mgeni, ni mtoto, au ni msichana wa kazi anayejiendeleza usiku baada ya vyombo kuoshwa, na hao hawalalamiki. Leo jioni, kabla ya kuipigia kampuni simu ya hasira, chukua rununu yako uende ukaketi katika chumba cha mwisho nyumbani mwako. Kisha muulize anayelala humo amekuwa akisomea wapi.