Vali ya Ng'ombe Kifuani mwa Mzee

Mzee wa Rombo, huku Umaasaini Kenya, hasemi moyo unamsumbua. Anasema njia ya kupanda Illasit imekuwa ndefu. Siku hizi husimama kwenye kila mti akijifanya anatazama mifugo, na jioni akivua akala, kamba zake zimeacha mabonde kwenye miguu iliyovimba. Nyumbani wanasema ni uzee. Ni mpaka siku afike hospitali ya Loitokitok kwa jambo jingine kabisa, daktari amwekee kipimo kifuani, asikie kati ya pigo na pigo sauti kama ya maji yanayopenya kwenye mpira uliobanwa.

Huo ni mlango uliokataa kufunguka. Moyo una vali 4, na kila moja hufunguka na kujifunga karibu mara 100,000 kwa siku. Kwa watu wenye umri mkubwa, ile ya aota, ambayo ndiyo mlango wa damu kutoka moyoni kwenda mwilini, huganda taratibu kwa madini ya chokaa mpaka ikawa ngumu kama ganda la yai. Dawa za vidonge hupunguza uvimbe lakini hazilainishi ganda hilo. Mlango lazima ubadilishwe.

Kwa miaka mingi ulibadilishwa kwa njia moja tu. Mfupa wa kidari hukatwa kwa msumeno kutoka juu hadi chini, moyo husimamishwa, mashine ikashika kazi ya moyo na mapafu, vali mbovu ikatolewa na mpya ikashonwa. Kisha mfupa hufungwa kwa nyaya za chuma ambazo mgonjwa atabaki nazo maisha yake yote. Ni kazi iliyookoa watu wengi, na hapa Kenya hufanywa katika hospitali kama Kenyatta na Mater jijini Nairobi, na Tenwek kule Bomet. Lakini mtu wa miaka 80 mwenye figo dhaifu mara nyingi aliambiwa arudi nyumbani, hangeuhimili msumeno.

Tarehe 16 Aprili 2002, mjini Rouen, Ufaransa, daktari Alain Cribier alipitisha vali mpya ndani ya mshipa kutoka kwenye kinena hadi moyoni, bila kupasua kifua. Vali hiyo hukunjwa juu ya puto ikawa nyembamba. Ikifika mahali pake, moyo huharakishwa kwa umeme mpaka karibu mapigo 200 kwa dakika, ili kwa sekunde chache usiwe na nguvu ya kuisukuma nje. Puto hujazwa, vali hutanuka, na ile ya zamani hubanwa kandoni ikageuka kuwa ukuta wa kuishikilia mpya. Na vipande vinavyofunguka na kufunga, katika aina nyingi, hutengenezwa kwa utando unaofunika moyo wa ng'ombe. Sijui kama kuna mahali duniani ambapo habari hiyo ingepokelewa vizuri zaidi kuliko Umaasaini.

Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti wa wagonjwa 358 ambao wapasuaji walikuwa wamewakataa. Baada ya mwaka mmoja, katika kila 100 waliopewa matibabu ya kawaida tu, takriban 51 walikuwa wamefariki. Waliowekewa vali kwa njia ya mshipa, 31. Baadaye wakajaribiwa wagonjwa wenye nafuu zaidi, wa wastani wa miaka 73, wanaoweza kupasuliwa bila hatari kubwa. Waliopitishiwa mshipani walilala hospitali siku 3, waliopasuliwa 7, na katika mwaka wa kwanza vifo, viharusi na kulazwa tena vilikuwa vichache zaidi kwa waliopitishiwa mshipani. Kufikia mwaka wa 5, pengo hilo lilikuwa limepungua kiasi kwamba huwezi kusema njia moja imeishinda nyingine.

Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo. "Upasuaji mdogo" ni jina la vitu viwili. Kuna huo wa mshipa, na kuna ule wa kupasua sehemu ndogo kati ya mbavu za kulia, ambao moyo bado husimamishwa na mashine bado hutumika. Mlango ni mdogo, shughuli ndani ni ile ile. Uingereza waliulinganisha na msumeno kwa wagonjwa 330 waliokuwa wakirekebishiwa vali nyingine kati ya zile 4, ya mitrali, iliyokuwa ikivuja, na matokeo yakachapishwa mwaka 2023. Vifo vya mwaka mmoja vililingana, takriban 2 au 3 kwa kila 100.

Jambo jingine linatuhusu sisi zaidi. Vali nyingi zilizoharibika Afrika Mashariki hazikuharibiwa na uzee. Ziliharibiwa utotoni na homa ya baridi yabisi, inayoanza na koo lililouma bila kutibiwa kwa penisilini. Utafiti mkubwa wa wagonjwa hao katika nchi 14, Kenya ikiwemo, ulikuta umri wa kati ni miaka 28. Vali zao zimeshikana na kuvuja, na mara nyingi hazina chokaa ya kutosha ya kuishika vali ya puto. Kwa hiyo familia inayochanga pesa kwa sababu imesikia "kuna ya kupitisha mshipani" inafaa iulize kwanza: ni vali ipi, na iliharibiwa na nini? Kama ni mitrali iliyoshikana, lipo puto jingine, alilolianzisha Kanji Inoue wa Japani mwaka 1982, ambalo huipanua bila kuweka vali mpya.

Lakini swali la mzee mwenyewe ni jingine: nitarudi lini shambani? Kidari kilichokatwa hakitaki mzigo mpaka mfupa uunge, na mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20. Katika utafiti ule wa Uingereza wagonjwa walivalishwa kifaa mkononi kinachohesabu mwendo. Wiki ya 6, waliopasuliwa kati ya mbavu walikuwa wakitembea kwa bidii zaidi na kulala vizuri zaidi. Wiki ya 12, wote walikuwa sawa. Kwa mkulima wa mferejini Rombo, wiki 12 ni karibu msimu mzima wa nyanya.