Korongo Mgonjwa Afunguliwe kwa Wakati

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Novemba, korongo weupe kutoka Ulaya huanza kuwasili katika nchi yetu, nao huonekana kwa makundi katika nyanda za Serengeti. Chakula chao kikubwa huku ni panzi na viwavijeshi, maadui wale wale wa mahindi ya mkulima wa Tarime na Mugumu. Ndege huyu, basi, ni kibarua asiyedai ujira. Na kibarua aumiapo kazini hana budi kutibiwa.

Wazee wa Ulaya hawakujua ndege hawa waendako wakati wa baridi. Wengine walidhani hulala chini ya maji! Jibu lilitoka Afrika: mwaka 1822, karibu na Klütz, Ujerumani, aliuawa korongo mwenye mkuki wa Kiafrika shingoni, urefu wake kama sentimita 80. Alikuwa ameruka nao safari nzima. Mwili wake uliokaushwa ungali katika Chuo Kikuu cha Rostock.

Lakini si kila majeruhi huwa na nguvu za namna hiyo. Januari 2022, furukombe aliyevishwa pete Finland alikutwa Siaya, Kenya, upande wa pili wa Ziwa Viktoria, ziwa lile lile lipokealo maji ya mto Mara. Alikuwa hoi kwa njaa. Alipelekwa kutibiwa, akafa, baada ya safari ya karibu kilomita 7,000.

Mwananchi aokotaye ndege aliyevunjika bawa na amtie katika sanduku lenye matundu, mahali penye giza na kimya, kisha ampeleke upesi kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya. Asimlishe ugali. Wala asimfuge, hata kwa huruma. Kumweka ndege wa mwitu nyumbani kwataka kibali, na ndege aliyezoea mkono wa mtu hujifunza kutoogopa watu, jambo litakalomwua njiani.

Na mfupa ukiisha kuunga, kazi ingaliko. Ndege aliyekaa wiki nyingi kizimbani misuli yake imelegea. Yampasa kupewa nafasi pana ya kuruka kila siku, hadi apae bila kuhema. Hapo ndipo kalenda inapotubana, maana makundi huanza kurudi kaskazini Februari na Machi. Korongo hapigi mabawa mchana kutwa. Hungoja jua lipashe ardhi, hupanda na hewa ya moto, kisha huteleza mbali. Na penye hewa hiyo huonyeshwa na wenzake walio juu. Peke yake atahangaika.

Je, bawa likiwa bado na udhaifu, nalo kundi laondoka? Wako wasemao aachiwe tu, ajaribu bahati. Sisi hatukubali. Kumfungua asiyeweza kuruka ni kumpa fisi. Na abaki. Korongo wachanga wengi, ambao hawajafikia umri wa kutaga, hupitisha miezi hiyo Afrika bila madhara. Mkubwa atakosa kiota cha mwaka mmoja, lakini atakuwa hai makundi yatakaporudi Novemba.

Aliye tayari asicheleweshwe hata juma moja. Apelekwe uwandani walipo wenzake, siku isiyo na mvua, afunguliwe yapata saa nne asubuhi, ardhi ikiisha kupata moto.