Zamu Moja, Mizigo Miwili

Chukua wauguzi wawili wa zamu ya usiku, kila mmoja ana wagonjwa kumi. Wa kwanza, wengi wa wagonjwa wake wameshapata nafuu na wanalala. Wa pili ana wawili waliotoka kufanyiwa upasuaji, mwingine homa haishuki, na kila anapoanza kukadiria dozi anaitwa kitanda kingine. Kwenye daftari la zamu wanaonekana wamefanya kazi sawa. Hawakufanya kazi sawa, na tofauti hiyo inapimika.

Mwaka 1966, wanasaikolojia Daniel Kahneman na Jackson Beatty waliwasomea watu tarakimu za kukariri huku wakizitazama mboni za macho yao. Kadiri tarakimu zilivyoongezeka, mboni zilipanuka. Watu walipoanza kuzitaja, zikasinyaa tena, tarakimu baada ya tarakimu. Mtu ameketi tu, hajanyanyua chochote, lakini jicho lake linaonyesha uzito alioubeba kichwani.

Mboni huwezi kuzipima wodini. Kwa hiyo kipimo kinachotumika zaidi ni maswali sita yaliyochapishwa mwaka 1988 na Sandra Hart wa NASA na mwenzake Lowell Staveland. Mtu anaulizwa kazi ilimdai akili kiasi gani, nguvu za mwili kiasi gani, muda ulimbana vipi, anaona amefanikiwa kwa kiwango gani, alijitahidi kiasi gani, na alikereka kiasi gani. Swali hilo la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko yote. Mashine ya presha isipofanya kazi, idadi ya majukumu haiongezeki hata kwa moja, ila mzigo umeongezeka, na hapa angalau unapata pa kuandikwa.

Mzigo huo humfikia mgonjwa pia. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake, uliotoka mwaka 2002, ulihusu hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi alihusishwa na ongezeko la asilimia 7 katika uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Tunapomlaumu muuguzi kwa kusahau, tuulize kwanza alikuwa na wagonjwa wangapi.

Shirika la Afya Duniani lina njia yake ya kukadiria watumishi wanaohitajika, na imetumika Tanzania na Uganda. Inahesabu muda ambao kila huduma huchukua, kama kumzalisha mama au kuchanja mtoto, kisha inalinganisha na muda ambao mtumishi huwa kazini kweli baada ya kutoa likizo, ugonjwa na mafunzo. Ni bora mno kuliko kuhesabu vitanda. Hata hivyo inapima saa, na kuitwa mara kumi katikati ya dozi moja hakuonekani humo. Maswali yale sita yanaenea kwenye karatasi moja na hujazwa kwa dakika chache tu zamu inapokwisha. Sioni sababu ya hospitali ya wilaya kuyakosa.